Mstari wa Jibini

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Papa Lokwa alinipa koti jeupe lisilo na kifungo hata kimoja, akaniambia nikae. Nikakaa. Akaweka hadubini mbele yangu, akanionyesha jinsi ya kugeuza kioo cha chini kipokee mwanga wa dirisha, kisha akaenda kunywa chai. Alirudi saa tatu.

“Umeona nini?”

“Sijaona kitu, papa.”

“Bon. Mwenye alikuwa hapa mbele yako alisema ameona wadudu. Ilikuwa kope ya macho yake mwenyewe. Weye utabaki.”

Nikabaki, hadi mwezi uliopita. Nyinyi vijana wa maabara mmeniomba niandike yale niliyoyaona katika miaka hiyo yote hapa Kisangani. Vyeo vyangu sitavitaja: vilikuwa vichache, na vibao vyake bado viko mlangoni. Nitaandika juu ya kazi, na hasa juu ya kosa moja nililolifanya, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu vyote nilivyojinunulia.

Papa Lokwa alianza kazi wakati wa Wabelgiji, akajifunza damu kwa miaka ishirini bila mtu yeyote kumwita daktari. Alinifundisha kutazama kwa jicho la kushoto huku la kulia likiwa wazi, ili mkono uandike bila kichwa kuinuka. Alinifundisha kuosha pipeti mara tatu, hata pale maji yanapochotwa kwa ndoo. Shida yake kubwa ilikuwa salamu. Huku kwetu mtu akipita mlangoni lazima akuulize habari za nyumbani, za watoto, na za safari hata kama hukusafiri, nawe ukijibu umepoteza hesabu. Papa Lokwa akabuni kitambaa chekundu. Kikitundikwa mlangoni, maana yake ni kwamba aliye ndani anahesabu chembe za damu, asisalimiwe. Watu wa hospitali walikiheshimu kuliko walivyoheshimu bendera.

Kulikuwa na kifaa kidogo cha chuma cha kuhesabia, unakibonyeza kwa kidole gumba kila unapoona chembe. Kilivunjika mwaka wangu wa pili na hakikuletwa kingine. Tukatumia punje za mahindi: kila chembe kumi, punje moja kwenye kisahani. Njia hiyo ilifaa, ila niligundua kwamba mwisho wa mwezi, mishahara inapochelewa, damu ya mji mzima ilianza kupungua chembe. Mwenzetu mmoja alikuwa akizitafuna punje. Tukahamia buni mbichi za kahawa, na wagonjwa wakapona kwenye karatasi.

Shule yangu iliishia darasa la sita. Mengine niliyapata kwa kamusi ya Kifaransa iliyokosa herufi ya mwisho, na kwa daftari. Kila nilichokiona nilikiandika: siku, saa, jina, hesabu, na pembeni jambo lolote nisilolielewa. Papa Lokwa alicheka kwamba ninaandika hata mvua. Ni kweli, niliandika hata mvua.

Miaka ile tulipoacha majina ya ubatizo na wanaume wakavaa abacost badala ya koti na tai, alikuja Profesa. Alikuwa mtu wa upande wa Équateur, amesoma Ulaya. Kifaransa chake kilikuwa safi, Lingala yake tamu, na Kiswahili chake cha kuombea chumvi tu. Alikuja na masanduku matatu ya dawa na wazo moja.

Wazo lilihusu uvimbe wa ubongo, ile aina inayokua kwa haraka. Madaktari wa Kinshasa waliweza kufungua kichwa na kuukata, lakini mizizi yake hubaki, na baada ya miezi michache unarudi. Dawa za kuuchelewesha zilikuwapo, kila moja ikijaribiwa peke yake, na kila moja ilichoka mapema. Profesa na wenzake wa Ulaya walitaka kuona kama dawa tatu kwa pamoja zitaushika kwa muda mrefu zaidi: lomustine siku ya kwanza, kisha sindano ya vincristine, kisha kapsuli za procarbazine kila siku kwa wiki mbili. Mzunguko mmoja ulichukua wiki sita, halafu unaanza upya. Hatari ilikuwa damu. Dawa hizo haziui uvimbe peke yake, zinapunguza pia chembe nyeupe, na mgonjwa asiye na chembe nyeupe anaweza kufa kwa mafua. Kwa hiyo kila wiki nilihesabu, na nikisema hazitoshi, dawa inasimama. Ndivyo mtu wa darasa la sita alivyopewa uwezo wa kuuzuia mkono wa profesa. Nilitundika kitambaa chekundu kwa unyenyekevu.

Mashine ya kupiga picha ubongo hatukuwa nayo. Tungejuaje kama uvimbe unarudi? Profesa alitazama ndani ya macho kwa taa yake ndogo, akapima nguvu ya mikono. Mimi nikapendekeza jambo moja, naye akalikubali: kila mgonjwa apimwe kwa kazi yake mwenyewe. Mwalimu aandike sentensi ileile ubaoni. Mama wa nyumbani amenye ndizi tatu. Mimi nilikaa kando na saa ya mkononi, nikaandika dakika na sekunde. Ugonjwa unaweza kujificha mbele ya daktari, lakini mbele ya kazi ambayo mkono umeizoea tangu ujana hauwezi.

Kabla ya kuanza, Profesa alinipa karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa, kwa Kifaransa, niitafsiri. Nilifanya kazi hiyo kwa siku nne na kamusi yangu. Penye kapsuli palikuwa na onyo: mgonjwa asinywe pombe yoyote, na tena asile jibini iliyokomaa wala nyama zilizohifadhiwa kwa muda mrefu. Neno la jibini lilinisimamisha. Nikamsomea Papa Lokwa.

“Fromage?” akasema. “Hapa nani anakula fromage? Labda mon père wa misheni, na yeye hana uvimbe, ana hasira tu. Ukiandikia watu vile, watasema hii karatasi si yao.”

Niliona anasema kweli. Onyo la pombe nikaliacha lilivyo, na nikaongeza kwa majina: masanga, lotoko, mvinyo wa mawese. Mstari wa jibini nikaufuta. Profesa akatia sahihi.

Papa Feruzi alikuja kwetu mwaka wa pili wa majaribio. Alikuwa fundi cherehani wa Kabondo, mtoto wa zile familia za waungwana zilizokaa mji huu tangu zamani za misafara, na nusu ya makarani wa mkoa walivaa abacost zilizotoka mikononi mwake. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto wa kichwa, kwa hiyo mkono wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanamkimbia. Walimpasua Kinshasa, akarudi kwa meli akiwa na kovu refu na barua. Mkewe, Mama Zaina, alimshika kiwiko hadi kwenye kiti changu, akatazama chumba chote kama mtu anayekagua jiko la mwenzake.

Kipimo chake kilikuwa wazi: atunge uzi kwenye sindano. Siku ya kwanza nilimpa sindano na uzi mweusi, nikaanza kuhesabu. Baada ya dakika kumi uzi ulikuwa umelowa mate na tundu bado tupu. Nikasimamisha saa, kwa haya. Akaniambia polepole, akitafuta kila neno, “Usisimamishe. Hii sindano... inanijua.”

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha alitunga kwa dakika tatu. Wa pili, sekunde hamsini na tano. Maneno pia yalirudi, na ya kwanza kurudi yalikuwa ya kejeli.

“Citoyen Bolamba, leta ile shati yako. Hii kola inaniumiza macho kupita ugonjwa.”

Nilimletea. Aliirekebisha, akakataa malipo, akasema ni sadaka kwa hospitali.

Mzunguko wa tatu ndipo mambo yalipoharibika. Jumamosi moja, saa tisa alasiri, jirani alimleta juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli. Uso ulikuwa umemwiva, jasho likimtoka, ameshika kichwa kwa mikono miwili na anatapika. Mapigo ya moyo yalikuwa kama ngoma. Shinikizo la damu lilikuwa juu kupita lolote nililowahi kumpimia. Kufikia jioni alitulia. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, saa ileile.

Profesa alimtazama macho kwa taa yake, muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha chumvi, “Citoyen Feruzi. Sema vérité. Umekunywa lotoko?”

Mama Zaina akasimama. “Lotoko? Docteur, huyu mutu anasali mara tano. Unamuuliza lotoko mbele ya bibi yake?”

“Acha, mama,” Papa Feruzi akasema, macho yamefumba. “Anauliza vile kwa sababu yeye, kwa kichwa hivi, angekuwa amekunywa.”

Profesa hakucheka. Aliniita ukumbini. Kichwa kinachouma hivyo, na kutapika hivyo, kwa mtu mwenye uvimbe, aliona maana yake ni moja: uvimbe umerudi na unasukuma. Kanuni ya majaribio ilisema uvimbe ukirudi, dawa zinasimama. “Ikitokea mara ya tatu, tunaacha,” akasema. “Tutampa vidonge vya maumivu, aende akae na watu wake.” Sote wawili tulijua kukaa na watu wake maana yake ni nini. Kwa uvimbe ule, bila dawa, ni wiki tu.

Niliporudi maabara nilitundika kitambaa chekundu ingawa sikuwa na damu ya kuhesabu, nikafungua daftari. Mashambulizi mawili, yote Jumamosi mchana. Yote ndani ya zile wiki mbili za kapsuli. Jumatatu baada ya shambulio la kwanza alikuwa ametunga sindano kwa sekunde hamsini na mbili. Nikasubiri Jumatatu iliyofuata, nikapima tena: arobaini na tisa. Nililitazama jambo hilo hadi chai yangu ikapoa. Uvimbe unaorudi hauwezi kumsukuma mtu Jumamosi na kumwacha atunge sindano vizuri zaidi Jumatatu. Uvimbe haujui siku za juma. Anayejua siku za juma ni mwanadamu.

Nilimweleza Papa Lokwa. Akasema, “Basi nenda ukaone Jumamosi inafananaje kwake.”

Wiki mbili za kapsuli zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nilingoja. Mzunguko wa nne ulianza. Profesa aliuruhusu kwa shingo upande. Jumamosi ya kwanza ya kapsuli, baada ya salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, tulipokwisha kufyeka majani ya hospitali kwa faida ya taifa, nilichukua mashine ya kupimia shinikizo, nikapanda baiskeli kwenda Kabondo. Nilifika saa saba kasoro dakika tano.

Harufu ilinipokea kabla ya mwenye nyumba. Mama Zaina alikuwa anapakua sombe ya majani ya muhogo kwa mafuta ya mawese, na juu yake samaki.

“Karibu, Papa Bolamba! Umefika na njaa, Mungu anakuongoza. Kaa.”

“Asante, mama. Samaki huyu anatoka wapi?”

“Opala. Kaka yangu anatuma kwa mto na baleinière kila juma, inafika Jumamosi. Alisikia shemeji yake anaanza kula tena, sasa anatuma. Ile yenye wanauza kwa marché iko mpya sana, haina nguvu. Hii anaipitisha kwa moshi kidogo tu, halafu inafanya siku sita njiani kati ya magunia ya mpunga. Ikifika hapa imeiva yenyewe.” Akacheka. “Watoto wanakimbia harufu. Ni ya bwana yangu peke yake.”

Papa Feruzi alikuwa ameshanawa mikono. Alikuwa ameketi mkekani, tonge la kwanza kati ya vidole, mkono ule wa kulia uliokuwa umekufa.

Siku sita. Nilijua mahali nilipopata kusoma juu ya chakula kinachowekwa siku nyingi hadi kipate ukali. Nilikuwa nimekitafuta neno kwa neno kwenye kamusi, kisha nikakifuta kwa sababu kiliitwa jibini.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa mnanijua jinsi ninavyopenda kupima. Mashine ilikuwa mkononi mwangu na sahani ilikuwa mbele yake. Nikimwacha ale, kisha nipime kila baada ya robo saa, nitakuwa na ushahidi ambao profesa yeyote ataukubali. Nililiwaza hilo kwa muda wa pumzi mbili. Kisha nikamshika mkono.

Huku kwetu humshiki mtu mkono akiwa anakula nyumbani kwake.

“Papa, usile. Samaki huyu ndiye anayekupasua kichwa.”

Mama Zaina aliweka mwiko chini. “Unasema miye ninamuua bwana yangu?”

“Hapana, mama. Ni miye. Ile karatasi niliyowapa, kulikuwa na neno ndani yake, nikalitoa.”

Nikaeleza. Kwamba zile kapsuli zinauzuia mwili usivunje sumu ndogo iliyomo katika vyakula vilivyokaa sana, sumu ambayo mtu mwenye afya haisikii kabisa, na kwamba kwa mtu aliyemeza kapsuli inapandisha damu hadi kichwani. Papa Feruzi alisikiliza, tonge bado mkononi. Alilitazama kama mtu anayeagana na ndugu kituoni.

“Donc,” akasema, “shemeji yangu ndiye ugonjwa. Nilisema tangu siku ya ndoa.”

Mama Zaina hakucheka. Alibeba sufuria hadi nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hakunisemesha tena siku ile.

Jumatatu nilikwenda kwa Profesa. Papa Lokwa alikuwa amenishauri nipeleke daftari na niache mdomo nyumbani. Nikaweka mbele yake daftari, karatasi ya Kifaransa na ile ya Kiswahili. Aliniamuru nisome ya Kiswahili kwa sauti, mstari kwa mstari, nikitafsiri, naye akafuata kwa kidole kwenye Kifaransa. Tulipofika pale, kidole kikasimama.

“Wapi fromage?”

“Niliitoa, Profesa. Niliona hapa hakuna anayekula.”

Nilingoja kufukuzwa. Alitazama chini ya karatasi, penye sahihi yake.

“Nilisaini,” akasema. “Na sikusoma.” Halafu, “Nilikula fromage miaka sita kule. Samaki wa namna ile nilikula kwa mama yangu miaka ishirini. Sikuwahi kuwaza ni kitu kimoja.”

Hakusema zaidi juu ya kosa, siku ile wala baadaye. Alisema tu kwamba Feruzi ataendelea, bila samaki wa Opala, na kwamba nitampima kila Jumamosi nyumbani kwake. Nilimpima. Shinikizo lilikuwa la kawaida, Jumamosi baada ya Jumamosi. Sindano: sekunde arobaini na saba, arobaini na sita.

Karatasi mpya sikuiandika mezani. Nilikwenda kwenye jiko la wagonjwa, nyuma ya wodi, nikawauliza akina mama: ni vitu gani hapa tunavyoviweka hadi viwe vikali? Walinitajia vingi kuliko nilivyotarajia, kuanzia makayabu, samaki wa chumvi, hadi ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, na wakagombana juu ya vitatu. Mama Zaina ndiye aliyemaliza ugomvi. Alikuwa amenisamehe, nadhani, maana alianza kunituma. Tangu hapo kila familia mpya ilipokuja, aliikalisha mwenyewe kabla yangu.

“Musisikilize mambo ya jibini,” alikuwa akisema. “Jibini iko ya Wazungu. Chenye kitaua mutu wako ni zawadi ya kaka yako.”

Papa Feruzi alishona kwa miezi kumi na minne zaidi. Kisha uvimbe ulirudi kweli, na safari hii hakuna aliyehitaji kubahatisha: dakika moja, dakika tatu, dakika saba, halafu sindano ikaanguka na hakuinama kuiokota. Nilisimamisha saa, naye hakunikataza. Alikufa nyumbani kwake, akiwa ameacha abacost mbili zilizokatwa na moja iliyokamilika. Dawa tatu zilimpa muda, hazikumpa zaidi ya hapo. Baadhi ya wagonjwa wetu walipata mfupi zaidi, na baadhi hawakupata kitu. Profesa aliwaandikia wenzake hivyo hivyo, bila kupamba. Baada ya miaka michache masanduku yaliacha kuja, na hadubini ikarudi kwenye malaria.

Ninakumbuka miaka ile kwa furaha, kuliko yote iliyofuata. Nilikuwa ninahitajika kila Jumatatu, na kila Jumatatu palikuwa na mtu aliyejaribu kutunga uzi.

Limebaki jambo moja ambalo sikumwambia Profesa, wala Papa Lokwa, wala Mama Zaina. Mzaha wa Papa Lokwa haukuwa sababu pekee ya kuufuta ule mstari. Ukiwa ndani, tafsiri yangu ilizidi ukurasa mmoja kwa mistari miwili, na ghala lilikuwa likinung'unika juu ya matumizi ya stensili, zile karatasi za nta za kuchapia nakala. Bila jibini, kila kitu kilienea kwenye stensili moja. Mtunza ghala alinipongeza mbele ya watu, nami nikaenda nyumbani nimeridhika. Niliiokolea hospitali senti zetu za wakati ule, makuta thelathini na tano.